Jicho la Kushoto la Bachittar Singh

Mimi ndiye niliyemfuta makamasi shemeji yangu Bachittar, kwa hiyo nikimsema leo asitokee mtu kuniambia nimekosa adabu. Nilipoletwa bibi harusi katika nyumba hii yeye alikuwa kitoto cha kuchungulia tu. Alijificha chini ya kitanda cha kamba ili amwone mke wa kaka yake, vumbi likampanda puani, akapiga chafya, wazee wakamtoa kwa kumvuta mguu. Nikacheka chini ya mtandio wangu, na tangu hapo tukawa watani. Mke wa kaka na mdogo wa mume ni watani mpaka siku mmoja wao atakapokufa akachomwa moto, ndivyo tulivyozaliwa tukakuta.

Sikudanganyi, hakuwa kijana wa kusifiwa. Shule ilimshinda mapema, akawa utingo wa malori, leo Delhi, kesho Bombay. Siku moja akarudi kijijini amenyoa nywele na ndevu, ambazo sisi Masingasinga hatunyoi, ananuka gongo kuanzia barabarani. Mume wangu, Darbara Singh, Mungu amrehemu, akamfungia mlango. Nikawa nampitishia chapati dirishani.

"Shemeji, chapati kavu? Mboga ya haradali iko wapi?"

"Haradali wanakula wenye nywele. Wewe kula hiyo, kipara."

Tulimwoza tukidhani atatulia. Akapata mke mpole, Amarjit, mwanamke ambaye hata nyati wetu wa maziwa alikuwa akimkamua huku anamwomba radhi. Homa ikamchukua Amarjit mtoto wao Kiranjot hajajua hata kutembea. Wanaume waliporudi kutoka kuchoma maiti nilimngoja Bachittar akimbilie chupa. Hakukimbilia. Alimchukua mtoto mgongoni akaenda gurudwara, nyumba yetu ya ibada, akaketi nyuma kabisa penye nguzo, na kesho yake akaenda tena. Nikasema, huyu mwezi mmoja tu, mtaniambia. Nywele zikaota, ndevu zikaota, na sikukuu ya Vaisakhi iliyofuata akanywa amriti, maji ya kiapo, na kuapa mbele ya Kitabu chetu kitakatifu. Pombe hakuigusa tena. Nilikosea, na kwa mara moja katika maisha yangu nilifurahi kukosea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipo habari yenyewe. Siku ya Vaisakhi, ngano ikiwa imekauka shambani inangoja mundu, Kitabu hutolewa kikazungushwa kijiji kizima. Mbele yake wanatangulia watu watano, miguu peku, majoho ya rangi ya zafarani, panga begani. Tunawaita Watano. Wao ndio wanaokoroga amriti, maji na sukari katika bakuli la chuma, na kumnywesha kila anayetaka kuapa. Mtu hawi mmoja wa Watano kwa mali wala kwa ukoo. Lakini kuna sharti: awe mzima wa mwili. Asiwe kiwete, asiwe na kiungo kilichokatika, asiwe kipofu, asiwe chongo.

Siku Giani Atma Singh, mzee wetu msomaji wa Kitabu, alipomchagua Bachittar, nilikuwa nasukasuka maziwa uani. Akaingia, akasimama kama amepotea njia.

"Shemeji, wamenichagua."

"Kufanya nini? Kuosha masufuria?"

"Mmoja wa Watano."

Mchi wa kusukia maziwa ulinitoka mkononi. Tukalia wote wawili. Wengine mnaweza kuona ni jambo dogo. Huyu alikuwa mtu wa nyati mmoja na shamba la kukodi, mtu ambaye wanawake wa mtaa wa juu walikuwa bado wanamwita mlevi miaka na miaka baada ya kuacha pombe. Siku hiyo moja ya mwaka wanawake walewale walipanda mapaani kumwagia maua. Watu wazima waliinama wakagusa udongo aliokanyaga. Jioni alirudi nyumbani miguu imepasuka kwa lami ya moto, nami nikimpaka samli na kumtukana, naye anacheka tu. Sijapata kuona mtu mwenye furaha kama ile, na ilikuwa siku moja tu kwa mwaka.

Halafu jicho la kushoto likamfia.

Lilikufa polepole bila maumivu. Daktari wa mjini alimwambia ni presha ya macho, la kushoto limeshakwenda na halirudi, na la kulia alilinde kwa dawa ya matone. Akarudi nyumbani akatuambia daktari kampa miwani naye kaikataa. Ile chupa ya matone akaificha chumba cha majani ya nyati. Ukimtazama usoni huoni kitu, jicho zima, jeusi, linang'aa. Akaendelea kutembea mbele ya Kitabu na kukoroga amriti, na kanuni inasema chongo asikoroge. Haya yote mimi niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema ningemburuta kwa ndevu mpaka kwa Giani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Heri angeumbuliwa na kifo chake mwenyewe.

Mwaka huu mmoja wa Watano alifariki wakati wa baridi. Kamati ya gurudwara ikakaa kutafuta wa kuziba nafasi, na Giani akamtaja Kiranjot. Alikuwa ameshakuwa binti mkubwa, anafundisha watoto wa darasa la kwanza, na akisema neno hata nyati anasimama. Wazee wawili watatu wakaguna, "Mwanamke?" Giani akawauliza kanuni inakataza wapi. Wakatafuta, wakakosa, wakanywa chai yao.

Kijiji chetu hakijawahi kuwa na mwanamke katika Watano. Bachittar alipopata habari alicheza uani peke yake, mikono juu, mguu mmoja hewani, bila ngoma.

"Shuka chini, utavunja kiuno!" nikamwambia. "Kiwete hatakiwi, unajua."

"Shemeji, mimi na mwanangu! Safu moja! Umeshasikia wapi?"

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia, mpaka ng'ambo ya mto Satlaji wamesikia."

Kiranjot akasimama mlangoni, chaki bado vidoleni. "Baba, ukinikanyaga na hiyo miguu yako siku yenyewe, naacha njiani naondoka."

"Nitakukanyaga makusudi," akasema baba yake.

Nilimshonea joho mwenyewe. Nilimpima mabega jikoni, anacheka, anasema namtekenya. Alijaribu kushika upanga mbele ya kioo akaona haya akaurudisha ukutani. Usiniulize jinsi nilivyojisikia. Mtoto huyu nilimlea mimi, mama yake alipokufa nilimpa ziwa langu lililokuwa limebaki na maziwa ya mwanangu wa mwisho.

Wiki chache kabla ya Vaisakhi, asubuhi moja, walikuwa wawili kwenye mashine ya kukatia majani. Ni ile ya mota, gurudumu lenye visu, kila nyumba inayo. Majani mabichi yakakwama. Bachittar akazima mota, Kiranjot akachuchumaa kuyachomoa. Mkono wake ulikuwa ndani. Baba yake akageuka kuchukua fungu jingine, aliporudi akatazama mashine, hakuona mtu, akawasha. Binti alikuwa upande wa kushoto.

Mimi nilikuwa natia kuni jikoni. Sauti niliyoisikia sitaisema hapa. Nilipofika, Bachittar alikuwa amepiga magoti, ameufunga ule mkono kwa kilemba chake mwenyewe, kichwa wazi, nywele zimemwagika, anamwita Mungu, "Waheguru, Waheguru, Waheguru." Vidole vitatu vya mkono wa kulia na nusu ya kiganja vilikuwa vimekwenda.

"Umeme ulikatika ukarudi, Mama mkubwa," Kiranjot akaniambia, meno yanagongana. "Umerudi ghafla. Baba hana kosa."

Nikaamini, kwa nini nisiamini? Umeme wetu nani asiyeujua? Kijiji kizima kikaulaani umeme, na Bachittar akaacha ulaaniwe. Alikaa hospitali nje ya wodi, hali, hanywi, watu wakamsifu kwa kumpenda binti yake.

Kiranjot aliporudishwa nyumbani, Giani alikuja. Mzee yule alikaa kitandani kwetu muda mrefu akichezea ndevu. Kiranjot ndiye aliyemsaidia.

"Babu, najua. Kiungo kilichokatika hakiruhusiwi. Tafuta mwingine, usihangaike."

"Mwanangu," Giani akasema, "mimi ningependa..." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Baba yupo," akasema Kiranjot. "Mmoja wetu akienda ni sawa na wote wawili."

Nilimtazama Bachittar. Nilidhani ile sura ni uchungu tu. Nami nilikuwa na hasira zangu, hasira za kanuni, hasira za visu, hasira za Mungu mwenyewe, anisamehe. Giani alipoondoka nilimwambia bila kuzunguka, "Sharti gani hili la kumtupa mtoto aliyeumia?" Bachittar akainuka. Akaenda kwa nyati.

Siku zikasogea. Ngano ikawa ya manjano mpaka mtu akiitazama anaumwa macho. Majoho ya Watano hufuliwa kabla ya siku yenyewe, na joho la Bachittar likaletwa nyumbani. Nikasema nitalifua mimi. Kiranjot akakataa katakata.

"Joho la baba yangu nalifua mimi, Mama mkubwa. Niachie hilo."

Nikakaa pembeni kuchambua dengu. Alisugua kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umefungwa kitambaa, ameunyanyua juu usilowe. Akafika kwenye kukamua. Mkono mmoja haukamui joho. Akafikiri kidogo, akaweka ncha moja mdomoni akaiuma, akaanza kuisokota ile nyingine. Maji ya zafarani yakamchuruzika kidevuni mpaka kifuani. Hapo ndipo Bachittar alipoingia kutoka shambani.

Alisimama akatazama. Kisha akakaa pale pale kwenye maji.

"Acha," akasema. "Acha, mwanangu. Usilifue. Silivai."

Kiranjot akaitoa ncha mdomoni. "Kwa nini usilivae?"

"Umeme haukukatika. Mota niliiwasha mimi. Sikukuona." Akaligonga jicho kwa kidole, hata halikupepesa. "Hili limekufa. Lilikufa zamani. Daktari aliniambia, nikaficha, maana wangeniondoa kwenye Watano. Mkono wako nimeukata mimi kwa ajili ya joho hilo."

Dengu zilinimwagika zote. Nilisimama, na nadhani nilikuwa nakwenda kumpiga, mtu mzima na mvi zake. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangeichoma nyumba. Lakini Kiranjot alisema kwanza.

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Jicho. Najua tangu mwaka juzi. Ulikuwa unamimina chai nje ya kikombe. Nikaikuta chupa ya matone kwenye majani, nikaenda duka la dawa nikauliza ni ya nini." Akafuta kidevu kwa bega. "Tangu hapo nikawa nasimama kushotoni kwako kila mahali, usijigonge, usianguke mtaroni. Hata siku ile ndiyo maana nilikuwa kushoto."

Bachittar akamtazama kwa jicho lake moja.

"Ulijua. Ukanyamaza."

"Ningesemaje? Mtu ana furaha siku moja kwa mwaka. Mimi mwanao ndiyo nikunyang'anye?"

"Ungeninyang'anya!" Alipiga kelele mpaka nyati akakata kamba. "Ungeninyang'anya, mwanangu! Ningelia mwaka mzima, ningelia miaka kumi, lakini ungekuwa na mkono!"

Wahenga wanasema akipenda, chongo huita kengeza. Sisi tunaisema tukicheka, kwa wachumba. Nimeishi mpaka kuiona ikimkata mtu vidole. Nilikuwa bado nimesimama na hasira zangu na sikujua tena nimpelekee nani. Kiranjot alikuwa amepiga magoti kwenye maji amemkumbatia baba yake kwa mkono mmoja, na kichwa cha baba kimelala kwenye kile kitambaa cheupe, wote wametapakaa zafarani. Nilikwenda nikamkamata nyati. Mtu lazima afanye kitu.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Bachittar alikwenda gurudwara akawaambia kamati yote. Hakupunguza neno. Mwanamume mmoja wa mtaa wa juu, ambaye kijana wake alinywa amriti mwaka uliopita, akasimama na kusema, "Kwa hiyo mwanangu alinyweshwa na watu wanne na nusu?" Wawili wakacheka. Giani akapiga kiganja chini. Akasema aliyeapa ameapa kwa Guru wetu aliye Kitabuni, hakuapa kwa jicho la Bachittar, na mwenye kiu ya kucheka akachekee nje. Lakini kosa ni kosa. Watu wawili wapya wakachaguliwa, mmoja mahali pa baba, mwingine mahali pa binti. Watano wakakaa, na Bachittar akasimama mbele yao amekutanisha viganja apewe adhabu yake kama desturi ilivyo.

Wakampa viatu. Siku ya Vaisakhi, kutwa nzima, akae penye mlango wa gurudwara, apokee viatu vya kila anayeingia, avifute vumbi, avipange. Kwetu hiyo si aibu, msikosee. Matajiri wanaigombania kazi hiyo kwa thawabu. Giani alitaka kumpa adhabu nyepesi, na moyo wangu unamshukuru. Hakufikiri mbali, wala mimi sikufikiri.

Siku ikafika. Barabara ilifagiliwa ikamwagiwa maji. Ngoma ilikuwa inatikisa madirisha, vijana wanacheza na vilemba vyao vipya, akina mama wanakaanga halua ya ngano mpaka harufu inafika mashambani. Watano wakapita peku. Mimi sikupanda paani. Nilikaa kwenye ngazi za viatu na shemeji yangu, nikampokeza, yeye akafuta. Alikuwa amevaa nguo nyeupe, kilemba cheupe. Nilijaribu kumtania kama zamani.

"Futa vizuri, hivyo vya mwenyekiti vinanuka."

"Vyako vinanuka zaidi, Shemeji," akasema, lakini bila kunitazama.

Watu waliingia wakatoka. Wengine walimgusa bega. Yule wa mtaa wa juu alivua viatu vyake mwenyewe akavipanga mwenyewe, macho chini, nadhani alikuwa ameshajua aibu yake.

Kiranjot alikuja baada ya adhuhuri, na darasa lake lote la watoto nyuma yake. Alikuwa amevaa nguo ya bluu, mkono wa kulia umefichwa ndani ya mtandio, na miguuni viatu vya mikanda, vya kufunga kwa kifungo. Akawaruhusu watoto wapite kwanza. Kisha akainama kufungua kifungo kwa mkono wa kushoto. Kikamteleza. Akajaribu tena. Watu nyuma wakaanza kusubiri.

Bachittar akashuka ngazi, akapiga magoti mbele yake, akamfungua cha kwanza, akamfungua cha pili, kama alivyokuwa akimfungua zamani alipomleta hapa mgongoni. Binti alimwekea mkono kichwani, mkono ule wa kushoto, kidogo tu, halafu akaingia ndani kusikiliza Watano.

Nikanyoosha mkono nipokee vile viatu nivipange. Hakunipa. Alikuwa ameviweka mapajani, anavifuta, na vilikuwa vimeshang'aa zamani, anavifuta tu, machozi yanatoka jicho zima na jicho lililokufa.

"Lete, Shemeji," nikamwambia. "Wengine wanangoja."

"Leo alitakiwa awe peku," akasema. "Nasib Kaur, mwanangu leo alitakiwa aje peku."

Jina langu hakuwahi kuniita tangu nilipoolewa. Nikavipokea viatu vya wale wengine mimi, nikavifuta mpaka jioni, kwa kuwa vile viwili hakuviachia.